Mara ya Pili Mezani

Katika majarida ya madaktari wa upasuaji kuna neno la Kiingereza la kumweleza mtu aliyepunguza uzito kwa kisu, halafu uzito ukamrudia. Ni neno lile lile wanalotumia watu wa magereza wakimzungumzia mfungwa aliyeachiliwa akarudi kuiba. Sikuamini. Nililisoma mara mbili, nikafungua kamusi, nikakuta ndivyo. Kilo zimehesabiwa wizi, na mwenye kilo ni mhalifu sugu.

Nilikuwa nasoma majarida hayo kwa sababu ya shangazi yangu. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hapa Nairobi mwaka wa 2016, akiwa na kilo 131. Mwisho wa 2017 alikuwa na 84. Sai ana 113, na kiungulia kinachomwamsha saa nane usiku, hadi amezoea kulala nusu ameketi, mito mitatu mgongoni. Daktari wake mpya anasema anaweza kufanyiwa upasuaji wa marekebisho, yaani kurudi thiata ili operesheni ya kwanza igeuzwe kuwa ya aina nyingine, mradi kwanza aanze upya yale mambo ya kila siku: chakula, kutembea, usingizi. Bima ikakataa kulipa. Basi suala likapelekwa kule masuala yote ya ukoo wetu hupelekwa, kwenye grupu ya WhatsApp, na baba mkubwa akaandika: "Si alishakatwa tumbo? Sasa anataka akatwe nini tena? Zile pesa za kwanza zililiwa."

Binamu wawili wakaweka vikatuni vya kucheka. Shangazi hakujibu pale. Alinipigia simu.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema, na hilo linachekesha kwa sababu chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu vitu. "Nisomee, mwanangu. Nataka kujua kama ni mimi peke yangu."

Nimesoma. Jibu fupi ni la. Jibu refu linapitia London, kwa mbwa wa Minnesota, na kwa mchunga ng'ombe mmoja wa Ethiopia.

Kabla ya visu watu walikuwa na lishe tu. Mwaka wa 1863 William Banting, mzee wa London ambaye familia yake ilifanya biashara ya mazishi, hata ya watu wa nyumba ya kifalme, alichapisha kijitabu cha jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kilisomwa hadi jina lake likageuka kitenzi. Waswidi mpaka leo wakisema mtu yuko kwenye daieti hutumia neno banta, lililotoka kwa mzee huyo wa majeneza. Waswidi hao watarudi baadaye, na takwimu.

Mwaka wa 1954 Arnold Kremen na John Linner, wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walichapisha pamoja na mwenzao majaribio waliyowafanyia mbwa. Walikuwa wanaruka sehemu za utumbo mwembamba, mara ya juu, mara ya chini, kuona ni ipi mnyama hawezi kukaa vizuri bila hiyo. Mbwa aliyerukiwa sehemu ya chini alishindwa kufyonza mafuta, akakonda. Muda si muda wazo likahamia kwa binadamu. Mwili ukaanza kuonwa kama mabomba: punguza urefu wa bomba, chakula kitapita bila kuchukuliwa, mtu ale anavyotaka na apungue.

Kule Los Angeles, J. Howard Payne na Loren DeWind walilichukua wazo hilo hadi mwisho. Waliunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na utumbo mpana moja kwa moja, karibu mita zote za katikati zikabaki bila kazi. Matokeo waliyachapisha mwaka wa 1963. Wagonjwa walipungua, ndiyo, lakini walihara bila kukoma, chumvi za mwilini zikavurugika, maini yakaharibika. Na hapa ndipo niliposimama nikampigia shangazi usiku huo huo, maana mpango wa wale madaktari tangu mwanzo ulikuwa na operesheni mbili. Ya kwanza ya kumkondesha mtu; ya pili, akifikisha uzito unaotakiwa, ya kumrudishia utumbo wake. Ya pili ilifanywa kweli. Waliorudishiwa utumbo wakarudia uzito wao.

Mwaka wa 1963, kumbuka. Somo lote lilikuwa mezani tayari: mwili ukirudishiwa njia zake za zamani, unarudi ulikokuwa. Payne na DeWind wakaja na toleo la pili, inchi 14 za utumbo wa juu zikaunganishwa na inchi 4 za mwisho, jumla kama sentimita 45 kati ya mita kama sita. Maelfu ya Wamarekani walifanyiwa hiyo katika miaka ya 1960 na 1970. Mawe ya figo yakawafuata, viungo vikauma, wengine maini yakafa polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 operesheni ilikuwa imeachwa, na wapasuaji wengi walikuwa na kazi ya kuwafungua tena watu wale wale na kufumua kilichoshonwa.

Kwa hivyo upasuaji wa marekebisho una umri sawa na upasuaji wenyewe. Hakuna wakati ambapo kulikuwa na ile ya kwanza pekee.

Edward Mason alikuwa Chuo Kikuu cha Iowa, na aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho ya kila mpasuaji. Wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo walikonda, na walishindwa kunenepa hata walipotaka. Mwaka wa 1966 yeye na Chikashi Ito wakaligeuza tatizo hilo kuwa tiba: walitenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, tumbo lililobaki likarukwa. Ndiyo baipasi ya tumbo. Mwaka wa 1977 Ward Griffen wa Kentucky na wenzake wakaifanyia umbo la herufi Y, kwa mtindo wa kuunganisha utumbo uliobuniwa na Mswisi César Roux wa Lausanne mwishoni mwa karne ya 19, na hilo ndilo umbo linalofanywa mpaka leo. Ndilo ambalo daktari wa shangazi alimchorea nyuma ya karatasi ya maabara.

Ninampenda Mason kwa sababu hakutulia. Baipasi yake aliona ni kazi nzito mno, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajaribu kitu chepesi, kuligawa tumbo bila kuugusa utumbo. Kifuko kikapanuka, watu wakanenepa. Mwaka wa 1980 akaja na nyingine, mstari wa wima uliozungushiwa ukanda mgumu pale chakula kinapotokea ili kisipanuke. Miaka kumi na tano hivi hiyo ikatawala. Kisha nayo ikapungua, kwa sababu nyama na mboga ngumu zilikwama pale kwenye ukanda na watu wakajifunza, bila kufundishwa na yeyote, kula vitu laini vya sukari. Mason alifariki mwaka wa 2020 akiwa na miaka 100. Baba wa fani nzima alitumia maisha yake kurekebisha alichokuwa amefanya yeye mwenyewe, na sijaona jarida lililomwita mhalifu sugu.

Hapo kwenye vitu laini shangazi alicheka hadi akakohoa. Anaijua. Mwenye tumbo lililopunguzwa akila kipande cha nyama bila kukitafuna vizuri, kinamkaba kifuani hadi machozi yamtoke. Andazi lililochovywa kwenye chai hupita kama maji. Ana duka la vitabu vya shule na M-Pesa huko Kahawa West, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa tatu usiku. Mama wa mandazi anapita saa nne, na tena saa kumi. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuvunja masharti ya daktari. Ni kwamba tumbo jipya lilikataa githeri likakubali andazi, na maisha ya duka yakakubaliana na tumbo.

Turudi Ulaya kidogo, kwa sababu ya yule mchunga ng'ombe. Mitiku Belachew alizaliwa mashambani Ethiopia na utotoni alichunga mifugo. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa mpasuaji katika mji mdogo wa Huy, Ubelgiji. Lubomyr Kuzmak, Mmarekani mwenye asili ya Ukraine, alikuwa tayari ametengeneza mkanda wa silikoni unaofungwa juu ya tumbo na kukazwa au kulegezwa kwa kuingiza maji ya chumvi kupitia kijisanduku kilichofichwa chini ya ngozi. Kuuweka kulihitaji kupasua tumbo zima. Septemba 1993 Belachew akawa wa kwanza duniani kuuweka mkanda wa aina hiyo kwa mgonjwa kupitia matundu madogo na kamera. Mgonjwa habaki na mshono wa kutoka kifuani hadi kitovuni, hakuna utumbo uliokatwa, na ukitaka unautoa.

"Mchunga ng'ombe kabisa?" shangazi akauliza.

"Kabisa."

"Hiyo uandike kwa grupu."

Marekani iliuidhinisha mkanda mwaka wa 2001, na ukaenea kama moto. Chama cha wapasuaji wa fani hii huko kilikadiria kwamba mwaka wa 2011 mikanda ilikuwa asilimia 35 ya operesheni zote za kupunguza uzito. Mwaka wa 2018 ilikuwa asilimia 1. Mikanda iliteleza, mingine ikaila kuta za tumbo ikaingia ndani, kifuko cha juu kikapanuka, uzito ukarudi. Katika miaka hiyo hiyo saba operesheni za marekebisho zilipanda kutoka asilimia 6 hadi 15 ya zote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwatoa watu mikanda na kuwafanyia kitu kingine. Simlaumu Belachew. Alichofanya na kamera kilibadilisha upasuaji wote uliofuata, pamoja na ule wa shangazi. Ninachosema ni kwamba watu laki nyingi waliambiwa hii ndiyo ya mwisho, kisha wakaambiwa samahani.

Sasa tufike kwa operesheni yake yeye. Inaitwa slivu, yaani mkono wa shati, kwa sababu tumbo hukatwa kwa urefu, kama robo tatu hutolewa na kutupwa, kinachobaki ni mrija mwembamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Michel Gagner, mpasuaji kutoka Kanada aliyekuwa New York, alikuwa na wagonjwa wazito mno na wagonjwa mno kuvumilia operesheni ndefu ya kukata tumbo na kupanga upya utumbo kwa siku moja. Wengine wangekufa mezani. Akaigawa. Siku ya kwanza slivu peke yake, mgonjwa aende nyumbani apungue, akirudi na mwili mwepesi amaliziwe sehemu ya utumbo. Kilichotokea ni kwamba baadhi walipungua sana kwa hiyo sehemu ya kwanza hadi wakaona hakuna haja ya kurudi. Ikaonekana, basi, hii inatosha. Katika muongo uliofuata nusu ya kwanza ya operesheni ikawa operesheni kamili, na leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Nilipoisoma hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Shangazi alifanyiwa nusu. Operesheni aliyofanyiwa iliingia duniani kama hatua ya kwanza kati ya mbili, na kurudi kwake thiata ndivyo ilivyokuwa imeandikwa kwenye mpango wa awali. Kati ya New York ya mwaka wa 2000 na Nairobi ya 2016 kuna mahali ile hatua ya pili ilifutwa kwenye maelezo. Yeye aliambiwa, na ananukuu kwa sauti ya daktari wa wakati ule, "Mama, hii tukimaliza tumemaliza."

Kwa nini haikuisha? Hapa ndipo Waswidi wanaporudi. Mwaka wa 1987 walianza utafiti mkubwa ulioongozwa na Lars Sjöström, wakawafuata watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 waliofanana nao ambao hawakufanyiwa. Matokeo ya mwaka wa 2007 yanasema waliofanyiwa baipasi walifikia chini kabisa baada ya mwaka mmoja au miwili, asilimia 32 ya uzito imeondoka. Baada ya miaka kumi ilikuwa asilimia 25. Ile ya Mason ya mstari wa wima ilianguka kutoka 25 hadi 16, na mkanda kutoka 20 hadi 14. Slivu haikuwemo, ilikuwa bado changa. Lakini mchoro wa mistari yote una umbo moja: unashuka kwa kasi, unagusa chini, unaanza kupanda polepole, halafu unatulia juu kidogo. Kila mstari, wagonjwa mia na mia. Baba mkubwa angeuona mchoro huo angesema Waswidi wote hawana nidhamu.

Katika utafiti huo huo watu 129 walikufa upande wa wasiofanyiwa upasuaji, na 101 upande wa waliofanyiwa. Kilo zilirudi kiasi, lakini watu walikuwa hai zaidi. Hilo nalisema kwa wale wanaodhani pesa za kwanza zililiwa.

Sababu zenyewe zilijulikana vipande vipande. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu kile kile cha Minnesota, Ancel Keys aliwanyima chakula cha kutosha vijana 36 waliokataa kwenda vitani na kujitolea kwa utafiti. Miezi sita walipungua karibu robo ya uzito. Waliporuhusiwa kula, walikula na bado wakahisi njaa, matumbo yamejaa kabisa. Mwaka wa 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa New York walionyesha kwamba mtu akipungua asilimia 10, mwili unabana matumizi ya nguvu kuliko ukubwa wake mpya unavyotaka, kama mama anayeficha unga akisikia kuna ukame. Mwaka wa 1999 Wajapani wakaitambua ghrelini, homoni ya njaa inayotengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, ile ile inayotupwa kwenye slivu, ndiyo maana miezi ya kwanza shangazi alikuwa anasahau kula. Na mwaka wa 2011 watafiti wa Melbourne waliwapima watu 50 waliopungua kwa lishe. Mwaka mzima baadaye homoni zao bado zilikuwa zinapiga kelele ya njaa.

Kuna watakaouliza, mbona asidungwe ile sindano ambayo watu wa runinga wanadungwa? Ameulizia. Bei ya mwezi inakaribia kodi ya duka. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yanaonyesha walioacha semaglutidi walirudia theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa ni nzuri, inafanya kazi inapotumiwa. Hata yenyewe haina siku ya kumaliza.

Hayo yote ni ya majarida. Kuna jambo jingine ambalo Minnesota na Iowa hawakuwa na haja ya kuliandika.

Desemba 2017 shangazi alienda nyumbani Vihiga kwa matanga, akiwa na kilo 84, gauni jipya, amefurahi. Wamama waliokuwa wakichambua mchele walinyamaza alipopita. Jioni mmoja wa wale wazee, rafiki wa nyanya, alimshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama anayepima, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, unameza dawa?"

Hakuwa na nia mbaya. Watu wa rika lile walizika watoto wao. Mwaka wa 1985 madaktari walipoandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, waliutaja kwa jina ambalo wenyeji walikuwa wameupa tayari: slim. Kukonda kwenyewe ndiko kulikuwa jina la ugonjwa. Miaka ya 1990 huku kwetu mtu akipungua kilo tano watu walianza kuhesabu, na mwili mnono ulikuwa cheti cha afya ambacho hakihitaji maabara. Hata leo, sema ukweli, mtu akikuambia "umenawiri" huwa unashukuru, na ukiambiwa "umekonda" swali linalofuata ni shida gani.

Shangazi alipoteza kaka katika miaka hiyo. Siku ya pili ya matanga akakaa katikati ya wamama wale, akaomba sahani, akala ugali na kuku mbele yao, polepole, tonge baada ya tonge, hadi akaumwa. Alitaka waone anakula. Anasema mwaka mzima uliofuata, kila mahali alipoalikwa, alikula kwanza ili waone.

Kwa hivyo kukawa na mwili unaobana matumizi, na mrija wa tumbo unaopanuka taratibu, na andazi la saa nne, na macho ya Vihiga. Halafu 2020, duka limefungwa kwa sababu ya korona, amekaa nyumbani na wasiwasi wa kodi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi ama unene wa kupindukia. Hao wote hawakukosa nidhamu siku moja.

Mambo anayotakiwa kuyafanya sasa kabla ya upasuaji hayana maajabu, na labda ndiyo sababu hakuna anayeyaandikia magazeti. Ameyaandika kwenye daftari la hesabu la darasa la nne alilochukua dukani. Protini kwanza: mayai mawili ya kuchemsha, omena, ndengu, mala. Hakunywi kitu na chakula, anasubiri nusu saa, kwa sababu maji husukuma chakula kipite na njaa irudi haraka. Anatafuna hadi inachosha. Chakula cha jioni kimehama kutoka saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili, akiwa bado dukani, kwenye kopo, na hilo pekee limempunguzia kiungulia kuliko dawa. Asubuhi anatembea hadi kwa reli na kurudi kabla hajafungua. Wiki ya kwanza alisimama mara sita. Siku nyingine mimi huenda naye, na ninachoka kabla yake.

Amepungua kilo nne kwa miezi mitatu. Daktari wa lishe alimwambia asizitazame sana. Mazoea haya hayatarajiwi kuchukua nafasi ya upasuaji. Yanatarajiwa yawe yamezoeleka kabla miezi ya kutosikia njaa haijaanza na kuisha tena. Mara ya kwanza alipewa karatasi moja ya masharti siku ya kutoka hospitalini, na hakuna aliyempigia simu baada ya mwaka wa kwanza.

Nilimwambia pia yale ambayo hayapendezi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Mwili una makovu, tishu zimegandana, hatari ya mshono kuvuja ni kubwa zaidi, na kwa kawaida kilo zinazopungua ni chache kuliko za mara ya kwanza. Baada ya baipasi atameza vitamini, madini ya chuma na B12 maisha yake yote. Alisikiliza, akauliza kama kiungulia kitaisha. Nikamwambia hapo ndipo baipasi inaposifiwa zaidi: kile kifuko kidogo kinabaki na asidi kidogo sana ya kupanda juu. "Basi hiyo tu," akasema. "Nilale. Kilo zitajijua."

Walimpitisha kamera mdomoni mwezi uliopita. Umio umechubuka kwa asidi, sehemu ya juu ya tumbo imepanda ikapenya kifuani kupitia kwenye kiwambo, na slivu imepanuka kidogo tu, si sana. Daktari alirudia hilo mara mbili: si sana. Kama angekuwa "amekula hadi akalipasua," maneno ya binamu yangu mmoja, kamera ingeonyesha kitu tofauti.

Niliyafupisha haya yote nikayaweka kwenye grupu Jumapili, pamoja na mchunga ng'ombe. Baba mkubwa alikaa siku mbili, kisha akauliza: "Na hii ya pili ina garantii?" Nikamjibu hapana, nikampa zile namba za Waswidi, 32 halafu 25. Akaandika, "Sawa, 25 si mbaya," na baada ya dakika kumi, "Paybill ni gani?"

Tarehe bado haijapangwa. Madini ya chuma kwenye damu yake yako chini mno kwa nusukaputi, kwa hivyo anameza vidonge na kula maini Jumatano na Jumamosi. Vipimo vitarudiwa baada ya wiki sita.